Vibonye Mezani

Rafiki yangu mmoja ni fundi kompyuta, na si mtu wa kutia chumvi, ndiyo maana haya nayaamini. Alasiri moja aliitwa na mjane aliyetaka kompyuta ya mezani ya marehemu mumewe iongezwe kasi. Chumba chenyewe hakikuwa na dirisha, na mama huyo alisimama mlangoni kama askari jela.

"Toa diski ya zamani, weka mpya. Kilichomo usikifungue."

"Sawa, mama. Ila kama kuna picha za mzee..."

"Nimesema nini?"

Fundi akaufyata. Akachomoa nyaya zote, akapiga magoti, akaingiza mikono yote miwili ndani ya kasha la kompyuta pale sakafuni. Mara umeme ukakatika, chumba kikawa giza totoro.

Juu ya meza kibodi ikalia. Ta. Kimya. Ta, ta.

"Acha kuchapa," mjane akafoka.

"Si mimi, mama. Mikono yangu iko huku chini."

Fundi alisikia pumzi za mjane zikipanda pale mlangoni. Na mezani vibonye viliendelea kubonyezwa polepole, kwa kidole kimoja, kama mtu mzima anayetafuta herufi mojamoja.