Kitanda Kilichoshika Mtandao

Hebu niambie wewe unayesoma hapo na mistari minne ya mtandao kichwani mwa simu yako: ukiona simu ya marehemu inashika mtandao mahali ambapo wazima hawajawahi kushika chochote, utashukuru au utakimbia?

Tenri alishukuru. Na mimi simlaumu sana, maana kijiji chetu huku vilimani, wilayani Bone, kila mtu angeshukuru. Tulipewa lami ya ahadi, tukapewa vishikwambi vya msaada siku ya kampeni, vizuri, vyeusi, vinang'aa, visivyo na hata tundu la kuchomekea laini. Mnara hatukupewa. Kwa hiyo kishikwambi chako ni kioo cha kujitazamia mpaka umpate mtu mwenye simu, simu ipate mawimbi, ndipo kinyonye mtandao kutoka kwake kama mtoto wa kambo. Na mawimbi yako sehemu moja tu, juu ya jiwe lililo ukingoni mwa korongo. Mvua ikinyesha jiwe hilo ni sabuni.

Baba yake Tenri, mzee Mappa, aliteleza hapo Jumapili moja akiwa ameinua simu juu, anamtumia binti yake, aliyekuwa mjini akitafuta kazi, picha ya cheti chake cha chuo. Cheti cha misitu, digrii, miaka minne haina kazi. Mzee alikufa. Cheti hakikufika.

Wakafanya kama tunavyofanya sisi Wabugis. Godoro la marehemu likatandikwa kwenye pembe ya nyumba, mito miwili, pazia jeupe, na kila wakati wa chakula sahani yake ikatengwa pale, siku arobaini. Mjane wake, Cenning, akaongeza jambo moja ambalo halikuwa la mababu: aliweka simu ya mumewe juu ya mto, ikiwa kwenye chaji, taa yake ndogo ikiwaka. "Asijione ametupwa gizani," alisema.

Siku ya tatu Tenri alipita hapo kubeba sahani, akaona mistari minne.

Ndani ya nyumba! Alitoa kishikwambi, akakiunga na simu ile, akagusa neno moja, ukurasa ukafunguka kabla hajainua kidole.

"Mjomba kaajiriwa na kampuni ya simu!" Rappe, binamu yake, alicheka mpaka akashika nguzo. "Ona mambo, dada. Wewe una digrii, yeye alikuwa na panga tu, na kazi kapata yeye."

"Mwone huyu. Mfu umtanie, na wewe hata kuku wako wanakukimbia."

"Wananikimbia kwa heshima."

Walicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu mazishi.

Ikaja siku ya arobaini. Siku hiyo godoro hukunjwa, mito hugawiwa, pembe hufagiwa, na anayekwenda huachwa aende. Lakini Tenri alikuwa ametoka mjini juzi yake, ofisi ya usajili, na bahasha ya karatasi mkononi. Alitaka kadi mpya ya familia. Ya zamani ilimtaja baba kama mkuu wa familia, na bila mpya mama hatibiwi hospitali, na yeye haombi kazi. Karani hakuigusa bahasha.

"Binti, hatupokei karatasi siku hizi. Kila kitu mtandaoni."

"Kwetu hakuna mtandao, Bwana."

"Sabar, ya," karani alisema, akaita mwingine.

Subira! Wanayo ya kugawa kwa magunia. Basi Tenri akamwambia mama yake, "Tusikunje leo, Mama. Tukiondoa simu pale mtandao utakufa. Nimalize kadi kwanza."

Cenning hakubisha. Alitabasamu kidogo, jambo ambalo Tenri alipaswa kuliona.

Fomu yenyewe ilikuwa ukurasa juu ya ukurasa, picha za vyeti unazotuma zinarudishwa, leo mfumo umelala, kesho umekataa sahihi. Wiki zikapita. Ndipo harufu ikaanza. Tumbaku ya karafuu, nzito, ya mtu aliyevuta sasa hivi, ikitoka nyuma ya pazia kila Tenri arudipo na maji mchana, jua likiwa bado juu ya paa. Mzee Mappa alikuwa na pumu. Hakuwahi kushika sigara maisha yake yote.

Kisha chakula. Sahani ya pembeni ilirudi imejaa kama ilivyokwenda, lakini Tenri alipoonja ule wali wa kunata hakukuta ladha. Hakukuta chumvi, wala nazi. Ulikuwa kama kutafuna karatasi iliyolowa. Na mama, aliyekuwa na mwili wake, akaanza kukonda mashavu huku macho yakizidi kung'aa.

"Mama, hujala tena."

"Nimekula na mwenzangu."

"Mwenzako nani?"

"Usinihoji kama karani, Tenri."

Mchana mmoja Tenri alirudi kutoka chemchemi, akachukua kishikwambi kwenye msumari kilipotundikwa, akafungua orodha ya kurasa zilizotembelewa. Alikuwa anatafuta ukurasa wa usajili. Alikuta mengine, yote ya saa sita na dakika kumi, kila siku, saa ambayo yeye huwa chemchemini:

*eda ya mjane siku ngapi*

*mjane akiwa edani anaruhusiwa kutamani*

*kuandikisha ndoa bila walii*

*kubadili mkuu wa familia mtandaoni*

Cenning hajui kusoma. Sahihi yake ni dole gumba.

Kesho yake Tenri alishika ndoo, akashuka ngazi kwa kishindo ili asikike, akapanda tena kimya kwa ngazi ya jikoni. Alisimama kando ya pazia. Nje kuku walikuwa wamenyamaza, joto limelala juu ya bati, na harufu ya karafuu ilikuwa nzito hata akaihisi ulimini, na kwenye upenyo wa pazia akamwona mama yake amelala ubavu ukingoni kabisa mwa godoro, kama mke anayempisha mumewe, anacheka chini chini kwa sauti ya msichana ambayo Tenri hakuwahi kuisikia, na mkono wake uliokuwa umenyooshwa juu ya mto ulikuwa na hina mpya, nyekundu, mpaka kiganjani, mjane huyu ambaye edani hata wanja haramu kwake, na kando yake, pale pasipo na mtu, godoro lilikuwa limebonyea, refu, pana kuliko mzee Mappa alivyowahi kuwa, na lile bonde likajigeuza polepole, likaelekea pazia.

Tenri hakukumbuka alivyoshuka. Rappe ndiye aliyemdaka chini, naye safari hii hakuwa na mzaha.

"Nani kampaka hina?" aliuliza kwa mnong'ono.

"Sijui."

"Huku kwetu hina ni ya usiku wa kuamkia harusi, Tenri."

"Najua, Rappe! Nyamaza. Kamlete Sanro."

Sanro Kanang, mganga wetu, ni bibi mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyezalisha nusu ya kijiji na kuizika nusu nyingine. Alifika alasiri na kikapu cha chumvi ya mawe. Alinusa mara moja tu mlangoni.

"Leo siku ya ngapi tangu aondoke Mappa?"

"Mia na tisa, Bibi," Tenri alijibu.

"Na godoro bado limetandikwa. Nani alikwambieni arobaini ni maoni?"

"Nilikuwa nataka mtandao."

"Mappa alikwenda zake, maskini, hata nyuma hakutazama. Nyinyi mmetandika, mmepakua chakula, mmewasha taa, mkaacha mlango wazi. Mlitegemea aje nani, mbunge?"

Cenning alikaa katikati ya godoro, nywele zimefumuliwa. "Mwacheni," alisema. "Amesema hatamdhuru mtoto. Anataka kuandikwa tu. Anataka kuwa mtu wa nyumba."

"Hao wote husema hivyo, mwanangu," Sanro alimjibu kwa upole, akamimina chumvi kuzunguka pembe. "Rappe, izime simu."

Rappe alibonyeza. Simu haikuzimika. Akachomoa betri, akachomoa laini, vitu vyote vitatu vikawa vimelala mkononi mwake kama mifupa ya samaki. Kwenye kishikwambi cha Tenri mistari minne ilisimama vilevile, na jina la mtandao, lililokuwa MAPPA tangu siku ya kwanza, lilikuwa sasa ni nukta tupu, zinaongezeka moja moja.

"Si simu," Sanro alisema. "Ni wewe, Tenri. Wewe ndiye unayenyonya kwake. Kata."

Tenri alitazama kioo. Fomu ilikuwa imefunguka yenyewe, ukurasa wa mwisho, kila kisanduku kimejaa, kila picha imekubaliwa, ile fomu iliyomtesa wiki tisa, na chini gurudumu dogo likizunguka. Inatumwa. Asilimia tisini. Miaka minne ya cheti kabatini, mama bila matibabu, baba aliyefia korongoni, na hapa kuna mtu, au kitu, kimemfanyia kwa dakika moja kile ambacho serikali nzima haikumfanyia.

"Bibi, imebaki kidogo..."

"Kata!"

Mama yake alikuwa ameanza kulala chali, taratibu, kama anayelazwa na mikono, na midomo yake ilikuwa ikitaja "ndiyo, ndiyo, ndiyo," kwa mtu anayemwuliza swali ambalo bibi harusi huulizwa, na moshi ambao haukuwa na moto ukapita kati ya mbao za sakafu, na mbao zikalia moja baada ya nyingine kutoka pembeni kuja kwa Tenri, ubao, ubao, ubao, mpaka ule wa mbele ya vidole vyake ukazama kwa uzito, na pumzi ya karafuu ikampiga usoni, naye akabonyeza: *sahau mtandao huu*.

Kioo kikawa cheusi. Ubao ukapanda. Kule pembeni godoro likavimba taratibu, bonde likajaa, likawa godoro.

Cenning alikohoa. "Nina njaa," alisema kwa sauti yake ya zamani, iliyopasuka. "Hakuna samaki wa chumvi humu?"

Tenri alilia akimlisha kwa mkono. Simu ilipitishwa chini, kwenye upenyo wa sakafu, si mlangoni, isije ikajua njia ya kurudi, ikazikwa na chumvi mbali na maji. Godoro likachomwa. Hina haikutoka, hata kwa ndimu.

Siku kumi na moja baadaye Rappe aliitwa ofisini mjini kuchukua kadi. Asilimia kumi ya mwisho ilipita kwa njia yake yenyewe. Nimeishika kadi ile kwa mikono yangu: muhuri halali, msimbo wa kompyuta halali. Chini yupo Cenning, mke. Tenri, mtoto. Juu, mkuu wa familia, limeandikwa jina ambalo hakuna ukoo wa huku uliowahi kulibeba. Sanro alilisoma kimyakimya, akavua miwani, akatukataza kulitamka. Na kisanduku cha tarehe ya ndoa kina Alhamisi ijayo, siku ile ile ambayo eda ya Cenning inakwisha.

Tenri aliirudisha. Karani aliitazama, akatazama kompyuta yake. Mfumo umekubali, alisema. Marekebisho hufanywa mtandaoni. Sabar.

Cenning ameanza tena kula kidogo. Jana amefumua nywele.

Kwa hiyo nyinyi wakuu wa usajili, wenye viti vya kuzunguka na mihuri mezani, nasema nanyi kwa majina yenu yote mnayoyajua: leo ni Jumatatu. Chukueni kalamu, ya wino, ya mkono, futeni jina hilo kwenye kitabu chenu kabla ya Alhamisi. Msituambie tuingie mtandaoni. Huko ndiko anakotusubiri.