Breki ya Mteremko wa Kibati

Asubuhi kijiji cha Kibati, mlimani juu ya mji wa Goma, huamka ndani ya ukungu. Uwingabire hukimbia humo kabla ya jua, na barabara nyeusi hupita chini ya miguu yake kama usingizini. Mbali chini, ziwa hung'aa kidogo. Wasichana watatu watakaoongoza mbio za Goma watapanda meli kwenda kushindana Bukavu, naye hajawahi kuvuka ziwa. Usiku huota anakimbia juu ya maji.

Baba yake, Habarurema, hushusha viazi mjini kwa chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili.

Mwezi mmoja kabla ya mbio, Donat, mkimbiaji mwenzake, alimpa kidonge cheupe.

"Meza. Hautasikia kuchoka hata kidogo."

Tamaa mbele, mauti nyuma. Uwingabire alimeza, akakimbia. Miguu ilikwenda kama si yake. Alipita nyumba yao, akapita kanisa, na ulikuwa utamu wa ajabu. Kisha akasimama, lakini moyo uliendelea kukimbia peke yake. Akaogopa sana.

Baba yake alimkuta barabarani, akamkalisha juu ya chukudu, akamsukuma hadi kituo cha afya. Muuguzi, Mama Micheline, alimshika mkono.

"Ulimeza nini?"

"Dawa ya mbio, mama. Nilitaka kuenda Bukavu."

Mama Micheline alimlaza, akakaa naye mpaka moyo ulipotulia.

"Ile dawa ilificha kuchoka, mutoto yangu. Mwili inasema pumuzika, wewe hausikie. Moyo inaweza kusimama palepale. Batu bamekufa hivyo. Na bakiikuta mu mukojo yako, banakukataza kushindana miaka mingi."

Akamgeukia Habarurema. "Papa, unaweza kushuka Kibati bila breki?"

Habarurema alitazama kile kipande cha tairi anachokikanyaga juu ya gurudumu la nyuma.

"Na viazi yote ile? Nitafikia mu ziwa, mama."

"Basi kuchoka ndiyo breki ya mwili."

Uwingabire alicheka, machozi yakimtoka. "Sasa nifanye nini?"

"Kula vizuri. Lala. Siku ingine pumuzika. Na usimeze dawa kabla ya kuuliza muganga wa hospitali."

Alifanya hivyo. Siku ya mbio, miguu ilimuuma, naye akaisikiliza. Penye mwinuko alipunguza mwendo, wenzake wakampita. Pumzi iliporudi, akawafuata polepole, mmoja mmoja. Karibu na mtaa wa Keshero ziwa lilitokea kando yake, jeupe, na kwa muda hakujua kama yuko macho. Akafika uwanjani wa tatu.

Mtu wa vipimo alimpa kichupa cha kutilia mkojo. Uwingabire alikipokea bila hofu. Donat, alipoona vichupa, alikuwa ameshapotea nyuma ya uwanja.

Jioni yeye na baba yake walisukuma chukudu tupu kupanda Kibati.

"Umechoka?" baba aliuliza.

"Nimechoka kabisa, papa."

Alisema hivyo kwa furaha, kisha akakaa kando ya barabara kupumzika.