Bega la Bhoke na Vikombe vya Sharon

Ezra alikuwa amelala mgongoni kwa bibi yake. Mama yake, Bhoke, alimtazama kwa hamu.

"Mama, nipe nimbebe kidogo."

"Kwa bega lipi?" akauliza mama mkwe wake, Tabitha. "Jana nusura umwangushe."

Ilikuwa kweli. Hapa kijijini Kerende, Bhoke huponda mawe ya dhahabu kwa nyundo. Bega lake lilikaza kama ngozi ya ng'ombe iliyokauka juani. Hakuweza tena kumfunga mtoto mgongoni. Alikumbuka joto la tumbo lake dogo, na pumzi yake shingoni. Siku hizi Ezra akianguka, anamlilia bibi.

Tabitha akaleta pembe ya ng'ombe. "Nikuumike. Nachanja kidogo, pembe inanyonya damu mbaya, kesho unabeba gunia."

"Wembe ni mpya?"

"Huu? Umetibu ukoo mzima!"

"Ndiyo maana naogopa, mama."

Wakaenda kituo cha afya, kwa Sharon, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Sharon alisomea pia tiba ya vikombe ya Wachina.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu Tabitha. "Pembe zako ziko wapi?"

Sharon akacheka, akaonyesha vikombe vya plastiki. "Ni hivi. Vinavuta kama pembe, lakini mimi sichanji."

Kwanza alimuuliza Bhoke maswali. Mkono unakufa ganzi? Unakosa nguvu? Una homa? Una mimba?

"Hapana. Bega limekaza tu."

"Vizuri. Ungesema ndiyo, ungeanza kwa daktari."

Akampaka mafuta, akaweka vikombe, akavuta hewa kwa pampu ndogo. Ngozi ikanyanyuka. Baada ya dakika chache akavitoa. Zikabaki alama za duara, nyekundu zenye weusi.

Tabitha akaruka. "Damu mbaya hiyo! Imekuja juu! Tuitoe!"

"Hapana, mama. Mishipa midogo ya damu imevuja chini ya ngozi. Si sumu. Alama zitafutika zenyewe. Ukichanja unaleta kidonda. Na wembe wa watu wengi unaweza kuambukiza ukimwi na homa ya ini."

Tabitha akasema polepole, "Basi ukoo mzima tukapime."

"Nimepona, dada?" Bhoke akauliza. "Naweza kumbeba mwanangu?"

"Bado. Vikombe vinaweza kupunguza maumivu kwa muda tu. Ukirudi kwenye nyundo leo, maumivu yatarudi nayo. Pumzisha bega. Fanya mazoezi nitakayokuonyesha."

Bhoke alitamani kubisha. Lakini aliweka nyundo chini, akafanya mazoezi kila siku. Wenzake walimtania: "Malkia wa vikombe, anyoosha mikono kama jogoo!" Yeye alicheka, akaendelea. Tabitha alipima damu, akatupa wembe, na pembe akaitundika ukutani. Wiki zikapita. Bega likalegea.

Jioni moja Tabitha akasema, "Inama."

Akamweka Ezra mgongoni kwa Bhoke, akamfunga kwa kanga. Ezra akalia, akinyoosha mikono. "Bibi! Bibi!"

Machozi yakamlengalenga Bhoke. Hakumfungua. Akaanza kutembea taratibu kuzunguka nyumba. Kilio kikapungua. Kichwa kidogo kikaegemea kati ya mabega yake.

"Mama," akanong'ona, "amelala?"

Tabitha akachungulia. "Bado. Amekushika nywele, hataki kuachia."

Bhoke akazunguka nyumba tena.