Dadu Inayouliza Zamu

Barua pepe ya kunikataa iliingia nikiwa navaa buti mlangoni. "Tunasikitika kukujulisha..." Sikuimaliza. Wanasikitika nini? Mtu anayesikitika hakutumii barua ileile aliyowatumia watu mia. Wiki iliyopita wengine walisema niko overqualified, nimesoma kupita kazi yao. Wa leo hawakusema hata hilo.

Nina shahada ya takwimu, tena ya daraja la kwanza. Mama ameitundika kwenye chumba cha chini ya nyumba, juu ya mashine ya kufulia, kwa sababu ndiko ninakolala. Mashine ikizunguka, shahada inatikisika ukutani kama inaitikia kwa kichwa.

"Profesa!" Halvor aliita kutoka kwenye kochi. Ndiye mdogo wangu. Homa ilikuwa imemkalia kifuani, pua nyekundu kama ya mlevi, na nyumba nzima inanuka ile dawa yake ya kikohozi ya mnanaa. "Nenda basi. Yule mama aliyetangaza dadu za marehemu mumewe bure alisema uje kabla ya giza."

"Kwani dadu zinaoza?"

"Nenda, dada yangu. Chagua moja. Moja tu, ndivyo alivyoandika." Akakohoa. "Na ukiona iliyofungwa jela, achana nayo. Serious."

Niwaeleze. Hawa wachezaji wa michezo ya mezani, wanaoshinda Jumamosi nzima wakijifanya wapiganaji na wachawi huku dadu ikiamua nani apone na nani afe, wana ushirikina kuliko bibi zao. Dadu ikikuangusha sana, unaifungia kwenye kizimba kidogo cha waya. Jela. Ikae humo ijutie. Na jela ya mwenzako haifunguliwi.

Halvor alikuwa akikusanya dadu za ajabu. Ya mfupa wa kulungu. Ya chuma kilichodondoka kutoka angani. Ya pande ishirini yenye ua kavu katikati, kama limelala kwenye barafu. Kabla ya kulala alizigeuza zote, namba kubwa juu, eti zizoee. Mimi nilisomea chuo kikuu sentensi moja ya maana: dadu haina kumbukumbu. Haijui iliangukia wapi jana. Haimjui anayeirusha. Nilimwambia hivyo kila mara, naye alinicheka kila mara.

Nikaenda.

Hapa Duluth, mji wetu wa kaskazini, mwezi wa kwanza jua linakata tamaa mapema kuliko mimi. Ziwa lilikuwa limeganda huko chini, jeupe, kimya. Niliposhuka garini, theluji ililia chini ya buti zangu. Nyumba ya Bi Verna, yule mama wa dadu, ilikuwa juu kabisa ya mtaa, na mlango ukafunguka kabla sijabisha.

"Umechelewa kidogo," alisema. Mama mzee, mwembamba, sweta limefungwa vifungo hadi shingoni. "Ingia haraka, binti."

Harufu ilinipokea ukumbini. Tumbaku ya kiko. Nzito, kana kwamba mtu ametoka kuvuta sasa hivi.

"Pole kwa kufiwa, mama. Naona mzee alikuwa anavuta."

"Merle? Alivuta sana." Akatazama dirishani, kwenye mwanga uliobaki. "Kiko chake nilikizika naye. Mapazia nimefua, zulia nimetupa."

 Nikamfuata sebuleni.

Mezani alikuwa ametandaza kitambaa cha kijani, na juu yake urithi wote wa mumewe. Dadu za shaba. Za jiwe la kijani. Moja ya mbao nyeusi, nyepesi kama punje ya mahindi. Halvor angepiga magoti.

"Wewe unacheza?" Bi Verna aliuliza.

"Mimi? Hapana mama. Mdogo wangu ndiye mgonjwa wa haya mambo. Mimi sina kazi, lakini sijafika huko."

Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Afadhali. Hata mimi sijawahi kucheza. Ndiyo maana bado nipo."

Ndipo nikakiona kizimba. Mwisho wa meza, kidogo kama kikombe, kimezungushiwa uzi mwekundu wa sufu. Ndani, dadu moja ya pande ishirini, rangi ya moshi. Upande mmoja haukuwa na namba. Mtupu, laini.

"Hii ilikosa nini?"

"Merle aliinunua kwa mjane fulani. Ikakaa naye majira machache ya baridi. Siku aliyoifunga ndiyo siku aliyokufa, kwenye kiti hicho hapo." Hakukitazama kiti. "Zipo nyingine nzuri, binti."

Hasira ikanipanda. Hicho kidude kilikuwa kimefungwa kwa matokeo ambayo hakikuyachagua. Kilirushwa, kikaanguka kilivyoanguka, kikalaumiwa. Na mtu akakaa mahali akasikitika kukijulisha! Nilijua kabisa Halvor amesema nini. Nikanyoosha mkono.

"Nachukua hii."

Bi Verna alifumba macho. "Sema umechagua mwenyewe."

"Nimechagua mwenyewe."

Alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Kisha akanikamata kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi... baridi kuliko kule nje.

"Jioni itauliza," alinong'ona. "Usijibu."

"Itauliza nini?"

"Zamu ya nani."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Usitaje jina. Usiseme sijui. Nyamaza tu. Kwa asiyecheza ni rahisi. Mwambie na mdogo wako... mwambie vizuri."

Mlango ukafungwa. Kitasa kikazungushwa. Nyuma ya mlango nilimsikia, ama analia ama anacheka, sikuweza kutofautisha.

Kwenye gari, mfukoni mwangu, kitu kikagonga waya.

Ting.

Nilijiambia ni barabara mbovu.

Nilipofika nyumbani kulikuwa giza, ingawa watu ndio kwanza walikuwa wanatoka kazini. Wenye kazi. Mama alikuwa zamu hospitalini. Halvor alijikokota hadi jikoni amejifunika blanketi, akaona kizimba, akaganda.

"Umechukua mfungwa wa marehemu? Signe! Una wazimu?"

"Nimempa dhamana."

"Nilikwambia nini mimi?" Lakini macho yalikuwa yanamng'aa. Alishafungua uzi. "Lo! Hebu ione ilivyo nzuri."

Nikamwambia yote, neno kwa neno, hata ile baridi ya vidole. Nikamwambia mara mbili.

"Ikiuliza zamu ya nani, tunyamaze?"

"Tunyamaze."

"Kama mama anapouliza nani kamaliza maziwa."

"Hivyohivyo, mpumbavu wewe."

Tukacheka, yeye akakohoa hadi machozi. Akachukua glasi, akajaza maji ya moto, akamwaga chumvi hadi yakawa mazito. Ndivyo wanavyopima dadu. Inaelea, unaigusa kwa kidole, inazunguka. Kama imetengenezwa sawasawa, kila mara itakuletea upande tofauti. Kipimo hicho hata mimi nakiheshimu.

Akaitumbukiza, nami nikaigusa. Ikazunguka, ikatulia. Upande mtupu juu.

Nikaigusa tena. Mtupu.

Tena. Mtupu.

"Ina hewa upande mmoja," nilisema.

"Shika glasi, Profesa."

Nikaishika. Maji yaliyokuwa yanatoa mvuke sasa hivi... yalikuwa baridi kama ziwa.

Niliondoa mkono. Halvor alisema homa inampanda, akalaza kichwa juu ya mikono yake mezani. Nikageukia jiko, nikabandika supu ya nyanya, kwa kuwa sikujua mikono yangu iende wapi. Nikakoroga. Nikajihesabia uwezekano wa upande mmoja kurudi mara tatu mfululizo. Ni mdogo. Lakini upo. Siku zote upo.

Ndipo harufu ikaja.

Tumbaku ya kiko.

Kwetu hakuna anayevuta.

Nyuma yangu viti vikavutwa. Polepole, kimoja baada ya kingine, kama watu wanaokaa kwenye meza waliyoizoea. Sisi jikoni tuna viti viwili. Mtu akacheka chinichini. Karatasi zikapangwa. Halafu sauti ya mzee, iliyochoka, ya kirafiki kabisa:

"Haya. Zamu ya nani?"

Mwiko ukaniganda mkononi. Nikafungua mdomo kumzuia Halvor, nikakumbuka: usitaje jina. Nikageuka mbio...

"Yangu," alisema Halvor.

Kichwa bado kiko juu ya mikono. Amefumba macho. Alisema kama alivyosema kila Jumamosi tangu ana meno ya utoto, kama unavyosema abee ukiitwa. Hakuwaza. Hao watu hawawazi; ukiuliza zamu ya nani mbele yao, mdomo unajibu wenyewe.

Vicheko vikakatika.

Dadu ikazama. Niliisikia ikigusa kitako cha glasi.

Ting.

Halvor akainua uso. Aliniangalia, na nikaona ameelewa.

"Signe," alinong'ona. "Nimejibu?"

Hakusema kingine tena.

Daktari alikuwa kijana wa rika langu, mwenye ajira, na kadi yenye picha kifuani. Alisema nimonia. Alisema moyo. Aliniambia inatokea, japo mara chache, na mimi nikaitikia kwa kichwa kama shahada yangu. Mama ameamini. Nani angemwambia vingine? Rafiki za Halvor wa mezani walikuja mazishini, kila mmoja akamwekea dadu aliyoipenda kwenye jeneza, na wakalia kama watoto.

Nilirudi kwa Bi Verna. Theluji kwenye ngazi haikuwa na alama ya mguu. Jirani alisema amehamia Arizona kwa bintiye, kwenye joto. Aliondoka anaimba, alisema.

Dadu iko hapa chini kwenye kizimba chake, juu ya mashine ya kufulia. Uzi nimeufunga upya. Haitoi tena harufu ya kiko. Inanuka dawa ya kikohozi, ya mnanaa.

Ningeweza kuitangaza. Chagua moja, bure, uje kabla ya giza. Wajinga wenye hasira hawakosekani mji huu. Lakini nani anaweza kuitoa sauti ile nje ya nyumba? Kila jioni viti vinavutwa, anakohoa kidogo, halafu anauliza. Dadu haina kumbukumbu, nilifundishwa. Hii inaniita Profesa.

Bi Verna alisema kunyamaza ni rahisi kwa asiyecheza. Kwake labda. Yeye hakuwa akingoja chochote.

Leo wameniandikia tena. Wanasikitika. Nimepeleka maombi hadi nimesahau ni wapi, nimekaa kwenye viti vya plastiki vya kila ofisi ya mji huu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza swali hilo.

Dirisha limekuwa jeusi. Mashine imenyamaza.

Ting.

"Profesa," anasema mdogo wangu, kwa upole, bila haraka. "Zamu ya nani?"

Na anangoja jibu.