Seredani ya Bi Azza

Alfajiri Shukriya alitoka uani kuchota maji. Maji ya ndoo yalikuwa yameganda juu. Aliipasua barafu kwa kata, akachota, akaenda jikoni kuyapasha moto. Mama mkwe wake, Bi Azza, hakuweza kutawadha kwa maji baridi. Kifua chake kilikuwa kibovu.

Ulikuwa mwezi wa Januari, mwaka 1994. Familia hii ilikuwa imehamia Jabal Akhdar, mlima ulio juu ya Nizwa, Omani. Mahrous, mume wa Shukriya, alikuwa amepata kazi ya zamu katika mtambo wa umeme wa huko. Walikodi nyumba kuukuu ya mawe na udongo. Dari yake ilikuwa ya magogo na mikeka, na juu ya mikeka udongo. Udongo ule ulikuwa na nyufa. Mlango haukugusa kizingiti. Usiku upepo uliingia chini yake ukipiga mluzi.

Bi Azza alizaliwa Unguja, mjini. Baridi ya namna hii hakuijua. Alikohoa usiku kucha, na daktari wa Nizwa alikwisha kusema kwamba kifua hicho kikishikwa tena, atalazwa.

"Mama, nyumba hii ikikushinda, itabidi uende Maskati kwa Turki," Mahrous alimwambia. Turki alikuwa kaka yake.

"Kwa Turki sendi," alijibu Bi Azza. "Anakaa juu ghorofani, kutwa nzima hayupo. Nitazungumza na nani, na friji? Mie nataka kukaa na mjukuu wangu."

Mjukuu huyo ni Israa, mtoto wa Mahrous na Shukriya. Alikuwa bado ananyonya.

Siku moja, baada ya alasiri, jirani alikuja kuwatembelea. Jina lake Alyaa. Alikuwa nesi katika kituo cha afya. Yeye pia alikuwa Mmanga, Mwarabu wa Omani, aliyezaliwa Afrika, lakini si Unguja. Alizaliwa Bujumbura, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara. Alileta chupa ya chai ya tangawizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema Bi Azza. Macho yake yalikuwa kwenye chupa.

Alyaa alimimina chai. Kisha akaanza kuangaza macho chumbani. Akaitazama dari. Akatazama mlango. Akatazama tundu dogo lililokuwa juu ya ukuta, karibu na dari.

"Mnalala wangapi humu?" aliuliza. "Na mtoto pia? Na ile seredani ya makaa pale, mnaiwasha humu ndani?"

"Yetu hayo," alisema Bi Azza. "Kunywa chai yako."

Alyaa hakuuliza tena. Alipoondoka, Bi Azza alimgeukia mkwewe.

"Umemuona? Ametukagua mpaka dari. Mgeni gani anahesabu watu wanaolala? Ana lake yule."

Shukriya alikusanya vikombe. Alikuwa mtu wa haya, hasa mbele ya mama mkwe. Na alikuwa na jambo moja ambalo hakulisema. Siku ile alikuwa amefunga. Alikuwa akilipa siku alizokula Ramadhani iliyopita, kabla Ramadhani mpya haijaingia. Aliona aibu kusema hivyo mbele ya mgeni. Kwa hiyo alikishika kikombe tu, kisha akaenda jikoni akaimwaga ile chai.

Jioni ile Mahrous aliziba nyumba. Alisokota magunia akayatia chini ya mlango. Aligongomea nailoni dirishani.

"Na lile tundu la juu," alisema Bi Azza. "Yule mwanamke alilitazama sana. Baridi inaingilia hapo. Liziba."

Mahrous alilijaza matambara. Kisha akaenda zamu.

Bi Azza aliwasha makaa uani katika seredani. Alingoja mpaka yakaiva, yakawa mekundu, hayana moshi. Akayatia udi kidogo, akaiingiza seredani chumbani, akafunga mlango. Yeye, Shukriya na mtoto walilala humo. Chumba kilikuwa na joto zuri.

Asubuhi Bi Azza aliamka kichwa kinamuuma. Moyo ulimchafuka. Shukriya naye kichwa kilimgonga, na miguu ilikuwa mizito.

Mahrous alirudi kutoka kazini, mzima.

"Wewe huumwi?" mama yake alimuuliza.

"Siumwi. Kwani kuna nini?"

"Basi ndiyo hiyo. Wewe hukunywa chai ya yule mwanamke."

"Mama, acha. Watu husema hivi kisha wakaja kuaibika."

"Nieleze basi. Jana tulikuwa wazima. Kaja, kamimina, katazama. Leo hatujiwezi."

Mahrous alivua koti. Bi Azza akamwamrisha Shukriya aioshe ile chupa kwa chumvi na airudishe bila ya kuingia ndani. Shukriya akaenda. Alipokuwa njiani, kwenye hewa baridi, kichwa kikaanza kumtulia. Aliona ajabu. Lakini aliporudi, alikwenda moja kwa moja jikoni.

Siku ya pili yake hawakunywa chai ya mtu. Usiku walilala na seredani yao, wakaamka wanaumwa vilevile.

"Bado imo mwilini," alisema Bi Azza. "Au ni jicho. Nyumba hii ameitia jicho. Asifunguliwe mlango."

Shukriya alizidi kufikiri. Yeye hakuinywa ile chai. Kwa nini basi kichwa kinamuuma? Alitaka kumwambia mama mkwe, lakini aliona haya.

Alfajiri iliyofuata Shukriya aliamka kwa shida. Israa hakulia kutaka ziwa. Alimtikisa. Mtoto alifumbua macho kidogo akayafumba. Mikono yake ilikuwa imelegea kama ya mwanasesere.

"Mama! Israa haamki."

Bi Azza alijaribu kusimama akashika ukuta. Shukriya alimbeba mtoto, akaupiga mlango kwa bega, akatoka nje. Akakaa chini penye baridi, mtoto kifuani.

Alyaa alikuwa anatoka kwake kwenda kazini. Aliwaona, akaja mbio.

"Nipe mtoto."

Bi Azza alikuwa amefika mlangoni. "Usimpe!" alisema. "Chai yake ndiyo iliyotufikisha hapa. Mtoto amenyonya sumu kwako."

Shukriya alimtazama mama mkwe wake. Akamtazama mtoto.

"Mama, mie sikuinywa ile chai," alisema. "Nilikuwa nimefunga. Niliimwaga. Na mtoto ananyonya kwangu mie tu."

Akampa Alyaa mtoto.

Alyaa alimwinua Israa kwenye hewa, akamsikiliza pumzi. "Mama, na wewe toka nje," alimwambia Bi Azza. "Toka hapo mlangoni. Usirudi ndani." Kisha alimrudishia Shukriya mtoto, akaingia mwenyewe huku amebana pumzi, akafungua dirisha, akatoka na seredani. Makaa yalikuwa bado mekundu chini ya jivu.

Alimwita mumewe, Nadhir, alete gari. Wote wakapelekwa kituo cha afya. Huko waliwekewa hewa ya mtungi puani. Baada ya muda Israa akalia. Alilia kwa nguvu, kwa hasira, akitaka ziwa. Shukriya naye alilia, uso kwenye ncha ya mtandio.

Mahrous alifika kutoka kazini na nguo za mafuta. Alyaa akawaeleza wote pamoja.

"Si chai, wala si jicho. Ni makaa. Makaa yakiungua ndani ya chumba kilichozibwa, yanatoa hewa mbaya. Huioni. Huisikii harufu. Unaivuta, inaingia kwenye damu na kukaa pahali pa hewa nzuri. Kwanza kichwa kinauma. Halafu kichefuchefu, miguu inalegea. Ukilala nayo, unaweza usiamke. Mtoto mdogo na mzee ndio wanaodhurika haraka."

"Makaa yangu yalikuwa yameiva," alisema Bi Azza. "Hayakuwa na moshi hata chembe. Mie na seredani tangu utoto wangu."

"Huko Unguja, mama, ulikuwa unaiwasha madirisha yamefungwa?"

"Nani afunge madirisha Unguja? Tuive?"

"Basi hapo ndipo tofauti ilipo. Kule hewa ilipita. Hapa mmeziba kila kitu. Makaa yakiiva hayatoi moshi, lakini ile hewa mbaya bado yanaitoa."

Bi Azza alimgeukia Alyaa. "Na wewe siku ile kwa nini hukusema?"

"Nilitaka. Nilivyouliza ukaniangalia kama mwizi."

"Na wewe ulikuwa unaitazama dari yangu kama dalali."

Mahrous alicheka. Alyaa pia. Bi Azza hakucheka, lakini alimsogezea Alyaa kiti.

"Sasa nieleze," alisema. "Nisiwashe makaa, sawa. Lakini nikifa kwa baridi? Mwanangu ananitaka Maskati."

"Joto halihitaji makaa, mama. Linahitaji kuzuiwa lisitoke. Na la kwanza ni dari. Joto hupanda juu. Dari yenu ina nyufa, kwa hiyo mnapasha joto mbingu."

Ijumaa iliyofuata Mahrous na Nadhir walipanda juu ya paa. Nadhir alikuwa mtu wa mlimani, na paa za udongo alizijua. Kwanza walikwangua udongo wa zamani uliopasuka, ili magogo yasibebe mzigo mkubwa. Wakatandika nailoni. Juu yake wakapanga mbao nyeupe nyepesi za povu gumu, zile zinazowekwa kwenye maboksi ya friji. Mahrous alizinunua Nizwa, kwenye duka la vifaa vya ujenzi.

Bi Azza alikuwa chini, mkono kiunoni.

"Hizo si za friji? Mnanifungia kwenye boksi?"

"Friji inazuia joto lisiingie," Nadhir alijibu kutoka juu. "Nyumba yako itazuia joto lisitoke. Kazi ni ileile."

"Na zikishika moto?"

"Hizi zinashika moto upesi, umesema kweli. Ndiyo maana hatuziweki ndani. Zinakaa juu, na tunazifunika."

Wakazifunika kwa udongo uliochanganywa na majani makavu ya ngano. Waliupiga ukawa laini, wakaupa mteremko ili maji ya mvua yasituame.

Ndani, Alyaa alimfundisha Shukriya kutafuta upepo. Alishika uzi mwembamba karibu na mlango. Uzi ukacheza.

"Hapa panavuja. Pita hivi nyumba nzima. Uzi ukitulia, paache. Ukicheza, paziba."

Bi Azza aliuchukua uzi mwenyewe. Hakumwamini mtu. Alizunguka kila pembe, akainama, akapanda juu ya kiti, akaamrisha udongo hapa na chokaa pale. Mahrous alipigilia ukanda wa mpira pembeni mwa mlango. Shukriya alishona mto mrefu wa matambara wa kuweka chini yake. Dirishani alitia pazia zito. Usiku alilifunga, mchana akalifungua jua liingie. Sakafuni walitandika mikeka, na juu yake mazulia.

Bi Azza alipofika kwenye tundu la juu, uzi ulicheza sana. Akaita, "Mahrous, lete matambara."

"Hapana, Mama," alisema Shukriya.

Bi Azza aligeuka. Hakuzoea kusikia neno hilo kwa mkwewe.

"Hilo liache wazi," alisema Shukriya, taratibu lakini bila ya kuinamisha kichwa. "Nyumba tumeziba. Hilo ndilo la kupumulia. Baridi kidogo itaingia, lakini tutaamka."

Bi Azza alilitazama tundu, akamtazama Shukriya. Akashuka kwenye kiti.

"Basi litiwe wavu, ndege wasije wakaatamia," alisema.

Mahrous alinunua hita ya umeme. Waliiweka mbali na pazia na matandiko. Iliwashwa kidogo kabla ya kulala, kisha ikazimwa. Chumba kilibaki na joto. Seredani ilikaa uani, na makaa ya udi yaliwashwa huko huko.

Wiki kadhaa za baridi kali zilipita. Bi Azza alikuwa akilala. Kikohozi kilipungua, kisha kikaacha. Daktari wa Nizwa alikisikiliza kifua chake, akasema kiko safi.

Asubuhi moja Mahrous alirudi kutoka zamu akisugua mikono. Nje theluji nyembamba ilikuwa imelala juu ya mawe. Ndani alimkuta mama yake amevua shali, anamchezesha Israa juu ya zulia.

"Mama, Turki amepiga simu kazini. Anauliza aje kukuchukua lini."

"Mwambie asisumbuke," alisema Bi Azza. "Mwambie Maskati kuna joto sana."