Plasta Sita za Kiembe Samaki

Redio ya Motorola ilikoroma.

"Kidawa!"

"Naam, mkuu."

"Pandu anakufa. Asipofika mahakamani kesho, mwenye makontena ya magendo ya sigara hatumpati tena. Wahi!"

Land Rover iliingia Kiembe Samaki ikitimua vumbi. Saa tisa alasiri, Ramadhani ya 1999, mtaa kimya. Kidawa, jasusi asiyependa kubisha hodi, aliruka ukuta wa nyumba walimomficha shahidi.

Pandu alikuwa kitandani akitapika, jasho likimvuja, mikono ikimtetemeka. Mkewe, Bi Tabia, alikuwa akilia. Pembeni alisimama Lenart, daktari wa kigeni aliyekuja jana kumtibu mgongo, katulia kama yuko harusini.

"Nikotini," alisema Lenart, akionyesha majibu ya damu. "Imemjaa. Amevuta sigara mfululizo tangu asubuhi."

"Mwongo!" Bi Tabia alifoka. "Mume wangu kafunga! Sigara ya mwisho kavuta daku, nlimuona kwa macho yangu."

Kidawa alipiga hesabu. Tangu daku mpaka sasa zimepita saa kumi na moja. Nikotini ya sigara hupanda mbio mwilini, kisha hupungua nusu kila baada ya saa mbili hivi. Damu ya Pandu ilipaswa kuwa karibu tupu.

Kumbe ilikuwa ikijazwa sasa hivi. Na si kwa mdomo.

Lenart aliisahau Ramadhani. Mpumbavu mkubwa!

Kidawa alimgeuza Pandu, akachana bendeji. Plasta sita za nikotini, zile za watu wanaoacha sigara, zilimganda mgongoni. Moja humtosha mtu kutwa nzima.

Kisu cha upasuaji kikamchana Kidawa bega.

Aligeuka, akampiga kiwiko. Meno mawili ya Lenart yakaruka. Lenart akachomoa bastola.

Makarov ya Kidawa iliwahi.

Risasi mbili, zote kifuani. Lenart aliporomoka juu ya meza ya dawa, damu ikatapakaa sakafuni. Kidawa hakumhurumia hata chembe.

"Maji, Bi Tabia! Matupu, sabuni itazidi kuipenyeza sumu!"

Walizibandua plasta, wakamwosha mgongo, wakamwita daktari wao wenyewe. Adhana ya magharibi ilipopigwa, moyo wa Pandu ulikuwa umetulia.

"Nipeni tende," alinong'ona. "Na sigara."

"Thubutu!" alisema Bi Tabia, machozi yakimtoka.

Kidawa aliinama. "Kesho utamtaja mwenye makontena?"

"Kesho mbali. Nnamtaja sasa hivi." Akamtaja.

Redio ikakoroma. "Shahidi vipi?"

"Mzima. Tayarisheni pingu."

Kidawa alitia tende moja mdomoni, akamruka Lenart pale sakafuni, akatoka.