Macho ya Vimulimuli

Nyamizi alikibana kimulimuli kwa koleo ndogo, akakilaza chali juu ya meza ya maktaba. Mabawa yake, membamba kama ganda la kitunguu, yalitetemeka.

"Tulia basi," alikiambia.

Aliingiza bisibisi chini ya kichwa, akalegeza taratibu, akaling'oa jicho na kulitia kwenye bakuli pamoja na mengine. Kisha akakiachia. Kimulimuli kiliruka, kikasimama hewani juu ya kitabu kilichokuwa wazi, kikaumulika ukurasa. Basi. Hakikuwa tena na jingine la kufanya.

Kabla ya hapo kilifanya mengi. Kilikuwa taa ndogo ya kuruka, isiyozidi kidole gumba, na thamani yake ilikuwa kwenye jicho lake kuliko kwenye mwanga wake. Msomaji alipofunua kitabu, kimulimuli kilikaa juu ya ukurasa na kuyafuata macho yake mstari kwa mstari. Macho yakikwama kwenye neno, kilimnong'oneza maana. Yakichoka, kilipunguza mwanga. Baada ya miezi michache kilikuwa kimemjua: anapenda nini, anaruka nini, wapi anarudia mara mbili.

Nyamizi ndiye aliyevileta vimulimuli Mtaa wa Mihogoni, hapo Tabora. Ufundi alijifundisha mwenyewe kwa kusoma, na kusoma ndiko kulikokuwa maisha yake. Asubuhi alisoma kabla ya chai, na chai ikapoa. Alipita nyumba hadi nyumba akiwahakikishia watu kwamba kifaa hiki ni rafiki. Walimwamini kwa sababu hakuwa mtu wa maneno mengi.

Aliyefaidika kuliko wote alikuwa shemeji yake, Maganga, mfuga nyuki, mume wa marehemu dada yake. Maganga alizeeka bila kujua kusoma. Kimulimuli kilimfundisha, neno moja baada ya jingine, mpaka akaingia kwenye baraza la wasomaji la kila Jumamosi, pale maktabani.

Baraza lilikuwa na desturi yake. Kitabu kilikuwa kimoja, kikizunguka. Mmoja alisoma aya kwa sauti, akampa wa pembeni yake, naye akaendelea palepale. Maganga alipokwama, hakungoja kunong'onezwa, alibuni. Mfalme wa kwenye hadithi ghafla alianza kurina asali, na watu wakacheka mpaka machozi.

"Shemeji, hilo umeliona wapi?" Nyamizi alikuwa akimuuliza.

"Limeandikwa kwa wino wa wanaume. Wewe huwezi kuliona."

Kisha msimu wa uchaguzi ukafika. Nyimbo za kampeni zilipita angani kutwa nzima, zikibebwa na vipaza sauti vinavyoruka, na Nyamizi akajikuta anarudia kusoma mstari mmoja wa kitabu mara nne. Alitamani watu wasome kabla ya kuimba. Kwa hiyo alipendekeza baraza lisome ilani ya Bi Kashinje, mgombea ubunge ambaye karibu mtaa mzima ulimpenda.

Ilani hiyo haikuchapwa kama zamani. Ilikuja kwenye karatasi-hai, karatasi ambayo herufi zake hujipanga pale inapofunuliwa, na kila mpiga kura alipewa nakala yake. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, walipokezana kila mtu akiwa na karatasi yake mkononi, kimulimuli chake kikiwa juu yake.

Nyamizi alianza. Alisoma kwamba jengo la maktaba lingeongezewa ghorofa, na vitabu vingeletwa kwa treni ya sumaku. Alipomaliza aya, akamgeukia shemeji yake. Maganga alipokea.

"Na jengo la maktaba," alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, "litageuzwa kuwa ghala la asali, lenye baridi, kwa ajili ya wafugaji nyuki."

Watu waliangua kicheko. Nyamizi hakucheka.

"Leo si siku ya mizaha, shemeji. Soma kilichoandikwa."

"Nasoma kilichoandikwa."

"Unabuni. Kila siku unabuni." Na kwa kuwa alikuwa ameudhika, na kwa kuwa maktaba ilikuwa roho yake, akaongeza: "Wewe hujui kusoma, Maganga. Hicho kidude ndicho kinachosoma."

Hakumwita shemeji. Kila mtu alilisikia hilo. Maganga aliikunja karatasi yake kwa uangalifu, akainuka na kutoka, kimulimuli kikimfuata nyuma ya bega.

Zamu ilikuwa ya Bi Chausiku, mtu mzima kuliko wote barazani. Alitazama karatasi yake muda mrefu.

"Hapa kwangu," alisema, "jengo la maktaba litakuwa shule ya chekechea ya wajukuu. Nyamizi mwanangu, na mimi nabuni?"

Ndipo walipoziweka karatasi pamoja mezani. Hakuna mbili zilizofanana. Vimulimuli, vilivyokuwa vimeyajua macho ya watu wote hao, vilikuwa vimeziambia karatasi kila mmoja anapenda nini, nazo zikajipanga kumfurahisha.

Nyamizi alimfuata Maganga jioni ileile. Mlango haukufunguliwa.

Tangu hapo alikuwa aking'oa macho. Hakuwa na hakika kwamba anafanya vema. Wapo walioshukuru, na wapo waliolalamika kwamba sasa maneno magumu yanabaki magumu. Kura ilikuwa keshokutwa, na alitaka kila mtu aende kituoni akiwa amesoma maneno yale yale na jirani yake. Kimulimuli kimoja tu kilikuwa kimebaki na jicho, cha Maganga.

Alifunga mkoba wake wa vifaa, akaenda.

Safari hii Maganga alifungua. Alikuwa amekonda. Nyuma yake kimulimuli kilielea katikati ya chumba.

"Ulisoma sawasawa, shemeji," Nyamizi alisema. "Mimi ndiye niliyekosea. Nisamehe."

"Nimesikia. Chausiku alinieleza."

"Nimekuja kukitoa jicho. Kitabaki taa tu, hakitakudanganya tena."

Maganga aligeuka akakitazama kimulimuli. "Na nikikwama kwenye neno, nani ataniambia?"

"Mimi nipo."

"Wewe?" Alitabasamu, lakini si tabasamu la utani wao. "Hicho kidude kilinidanganya, sawa. Ila hakijawahi kuniambia mbele za watu kwamba sijui kusoma."

Nyamizi aliushika mkoba kwa mikono miwili. Akaurudisha begani bila kuufungua.

"Unasoma nini siku hizi?" aliuliza mwishowe.

"Sisomi. Nikifungua kitabu najiuliza kama ni mimi au ni hicho." Akashika kitasa. "Niache kwanza, shemeji. Njoo kesho. Kama nitakuwa nimeamua, utakitoa."

"Asubuhi?"

"Mchana. Asubuhi nina mizinga."

Mlango ulifungwa taratibu. Kupitia dirisha Nyamizi alimwona Maganga akikaa na kugeukia ukuta. Kimulimuli kilishuka mbele ya uso wake, kikaenda kushoto, kikarudi kulia, kikitafuta macho ya kufuata. Maganga alikaa amefumba macho, nacho kikaendelea kuzunguka.